Taya Lililotengenezwa Lataka Kufunzwa



Mwezi huu twajibu swali lililotufikia kutoka Makwale, katika wilaya ya Kyela, kaskazini ya Ziwa Nyasa. Nyumba moja ya Kiislamu ya huko imempokea mama yao aliyekatwa kipande cha taya la chini kwa sababu ya saratani, na mahali pa mfupa ule akatiwa mfupa mwingine pamoja na bamba la chuma. Jeraha limepona, uvimbe umekwisha, na wote wamemshukuru Mwenyezi Mungu. Lakini akifungua kinywa kidevu chaenda upande, na akifumba meno ya juu na ya chini hayakutani kama zamani. Jirani mmoja asema maradhi yamerudi. Wa pili asema madaktari wameharibu. Wa tatu asema pana mkono wa mtu. Watoto wa mama yule wauliza: Je, hayo ndiyo majaaliwa yake, avumilie tu, au lipo la kufanya?

Jawabu letu kwa ufupi ni hili: lipo la kufanya, na sehemu yake kubwa hufanyika nyumbani, ila hufanyika kwa wakati wake na kwa maagizo ya madaktari waliompasua. Kidevu kwenda upande si lazima kuwe dalili ya maradhi kurudi, wala si lazima kuwe kosa la mtu. Hata hivyo si jambo la kuachwa hivi hivi, kwani taya lililozoea kwenda kombo kwa miezi mingi ni shida kulirudisha. Na ili sababu ijulikane, yafaa kwanza tulitazame taya lenyewe jinsi Mola alivyoliumba.

Weka ncha ya kidole mbele ya tundu la sikio, kisha fungua kinywa na ufumbe. Utasikia kitu kikitembea chini ya ngozi. Hicho ni kichwa cha mfupa wa taya la chini, nacho kimekaa katika kishimo kidogo cha mfupa wa fuvu. Baina ya mifupa hiyo miwili kuna kipande cha gegedu kinachozuia mfupa usisagane na mfupa. Kinywa kikianza kufunguka, kile kichwa huzunguka mahali pake mfano wa bawaba ya mlango. Kikizidi kufunguka, huteleza mbele na chini, kisha hurudi shimoni mwake kinywa kinapofumba.

Na taya la chini ni mfupa mmoja wenye viungo viwili, cha kulia na cha kushoto. Kiwiko cha kulia chaweza kukunjwa na cha kushoto kikatulia, lakini viungo vya taya haviwezi: kimoja kikienda, cha pili hakina budi kwenda nacho. Ndugu zetu wa ufukwe wa Nyasa watalifahamu jambo hili upesi wakiukumbuka mtumbwi wenye wapiga kafi wawili, mmoja wa kulia na mmoja wa kushoto. Wakivuta sawasawa, mtumbwi waenda mbele moja kwa moja. Akichoka yule wa kulia, mtumbwi wageukia kulia, upande wa aliyechoka. Na taya ni vivyo hivyo: kidevu huelekea upande ule ambao kiungo chake au misuli yake imedhoofika. Basi kidevu cha mama yule hakitoi ushahidi wa uchawi. Chasema tu kwamba upande mmoja wavuta, na wa pili haujaweza.

Sasa tuitazame kazi ya mpasuaji. Kipande cha taya kikiisha kukatwa, vipande viwili vinavyobaki havitulii. Misuli ya kutafunia huvivuta, kingine juu, kingine ndani, na bila daraja la kuviunganisha taya lililobaki huvutwa upande uliokatwa. Kwa hivyo mpasuaji ana kazi mbili. Ya kwanza ni kuyaondoa maradhi yote pamoja na ukingo wa nyama na mfupa mzima ulioyazunguka. Ya pili ni kukiacha kila kilichobaki mahali pale pale kilipokuwa.

Kwa kazi hii ya pili madaktari wana hila njema. Kabla ya kukata, hulipinda bamba imara la titaniamu lifuate umbo la taya, wakatoboa matundu ya skurubu katika mfupa mzima wa huku na huku, kisha wakaliondoa. Baada ya kukata hulirudisha bamba lile katika matundu yale yale. Matundu huwa ndiyo mashahidi wa mahali pa asili. Ikiwa uvimbe umeutuna mfupa kwa nje hata bamba halikai, meno ya juu na ya chini hufungwa pamoja kwa waya yakiwa yamekutana sawa, ndipo bamba likafungwa. Na siku hizi, pale penye vyombo, hupigwa picha za kompyuta, ukachapwa mfano wa taya la mgonjwa mwenyewe, na bamba likapindwa juu ya mfano huo kabla mgonjwa hajaingia chumba cha upasuaji.

Ama mfupa wa kuziba pengo, pengo likiwa dogo huchukuliwa kipande cha mfupa wa nyonga. Pengo likiwa kubwa, au ikiwa mgonjwa atapigwa mionzi, hutakiwa mfupa unaokuja na mishipa yake ya damu, ikashonwa na mishipa ya shingo. Utumikao sana ni mfupa mwembamba wa mguu, ule ulio kando ya muundi. Dr. David Hidalgo wa New York ndiye aliyeitangaza njia hii ya kutengeneza taya mwaka 1989. Mgonjwa huweza kutembea baada ya kutolewa mfupa huo, kwa kuwa uzito wa mwili huchukuliwa hasa na mfupa wa muundi.

Msomaji atauliza: ikiwa yote hayo hufanywa, mbona kidevu chaenda upande? Sababu ni nyingi. Mgonjwa aliyelazwa kwa dawa ya usingizi misuli yake hulegea, na kile kichwa cha mfupa chaweza kuteleza kidogo katika shimo lake, pasipo mpasuaji kukiona, kwani kimefichika mbele ya sikio. Mgonjwa akiamka misuli hukirudisha kichwa mahali pake, na meno ndiyo yanayokosa kukutana. Tena milimita chache tu zatosha kubadili mkutano wa meno. Pengine misuli yenyewe imekatwa, na kovu linapokauka hujikunja na kuvuta. Pengine maradhi yalikuwa yamefika kwenye kiungo, ikabidi kichwa chenyewe kiondolewe. Badala yake husimama ncha ya chuma au ncha ya mfupa uliopandikizwa, ambayo yaweza kuzunguka lakini haitelezi kama ile ya asili. Mionzi nayo hukaza misuli, na mkazo huo waweza kuonekana miezi au hata miaka baada ya mionzi kwisha. Na aliyeng'olewa magego amepoteza vituo vilivyokuwa vikiliambia taya mahali pa kusimama.

Hapa hutokea watu wema wakasema: "Alivyoandikiwa ndivyo alivyo. Kumrudisha hospitali kwa ajili ya kidevu ni kushindana na maumbile ya Mungu." Sisi twawaomba ndugu hao wakumbuke habari ya Sahaba Arfaja bin As'ad, Mungu awe radhi naye, iliyopokewa katika vitabu vya Abu Daud, Tirmidhi na Nasai. Arfaja alikatwa pua katika vita vya Kulab, kabla ya Uislamu. Akajitengenezea pua ya fedha, nayo ikaanza kunuka. Mtume wetu (S.A.W.) akamwamuru atengeneze pua ya dhahabu. Wanavyuoni wametoa katika habari hii ruhusa ya mwanamume kutumia dhahabu kwa haja ya tiba, ijapokuwa amekatazwa kuivaa kwa pambo. Lakini ndani yake mna fundisho la pili ambalo kwa swali letu la leo ndilo kubwa zaidi. Arfaja alikuwa amekwisha kutengenezwa mara moja, na matengenezo yale hayakumfaa. Hakuambiwa avumilie harufu. Aliambiwa atengeneze tena. Kutengeneza kiungo kilichoharibika ili kifanye kazi yake si kubadili maumbile kwa anasa. Ni kumrudishia mja neema aliyopewa na Mola wake.

Basi nini kifanyike? Kwanza, mgonjwa arudi kwa madaktari wake, asingoje siku ya miadi ikiwa meno yaliyokutana jana leo hayakutani, au pana maumivu mapya, usaha, uvimbe, bamba kuonekana kupitia ngozi au ufizi, au kinywa kinazidi kuwa kidogo kila wiki. Dalili hizo zaweza kuwa za skurubu kulegea, za mfupa kutoshikana, za uchafu kuingia, au za maradhi kurudi, na hakuna awezaye kuzipambanua kwa macho akiwa amekaa barazani. Picha ya eksirei ndiyo itakayosema.

Pili, daktari akiisha kutoa ruhusa, taya lifunzwe. Mgonjwa hukaa mbele ya kioo, akachora kwa macho mstari kutoka katikati ya pua hata katikati ya kidevu, akafungua kinywa polepole, na kidevu kikitoka mstarini akakirudisha kwa ncha za vidole, kisha akafumba. Mazoezi haya hufanywa dakika chache, mara kadhaa kwa siku, kila siku. Mara nyingine daktari hufunga mipira midogo kwenye meno ili iliongoze taya, au hutengeneza chombo cha kuvaliwa kwenye meno chenye bawa linaloliongoza taya kufumba mahali pake. Wengine hulalamika kwamba chombo hicho chaudhi. Ni kweli chaudhi, na mafundisho yote huanza hivyo.

Tatu, kinywa kipimwe. Mtu mzima mwenye afya kwa kawaida huweza kuingiza vidole vyake vitatu, vimesimama juu ya kila kimoja, baina ya meno ya mbele. Uwazi ulio chini ya milimita 35 huhesabiwa na madaktari kuwa kinywa kimebana. Kwa wenye kinywa cha namna hiyo hutumiwa vile vibao vyembamba ambavyo daktari hukandamizia ulimi: huwekwa kadhaa baina ya meno, na siku zinavyokwenda kikaongezwa kimoja kimoja. Lakini twaonya kwa nguvu: mtu asilazimishe kinywa kwa mti, kijiko wala kabari ya nyumbani. Mfupa uliopandikizwa wahitaji wiki nyingi kushikana, na kuusukuma kabla ya wakati ni kuuvunja. Aliyepigwa mionzi naye asing'olewe jino na mtu yeyote kabla ya kuwauliza madaktari waliomtibu, kwani mfupa uliopigwa mionzi hupona kwa shida.

Nne, chakula. Kyela Mungu ameijalia mchele, ndizi na samaki, na vyote hivyo vyaweza kulainishwa. Wali upikwe wa maji mengi, ndizi ipondwe, samaki aondolewe miiba na kuchanganywa na mchuzi, na uji utiwe maziwa au karanga zilizosagwa. Mgonjwa aliyekonda jeraha lake halishikani. Kila baada ya kula asukutue kwa maji ya chumvi ya vuguvugu, na apige mswaki laini, kwa sababu masalio ya chakula yakikaa kando ya bamba huleta usaha.

Tano, ibada. Mgonjwa na asiogope kwamba sala yake haifai kwa sababu herufi hazitoki sawa. Mwenyezi Mungu hamkalifishi mtu ila awezalo; asome kadiri ulimi unavyokwenda. Na kusoma huko kwa sauti, taratibu, aya baada ya aya, ni mazoezi mema ya ulimi na midomo. Kusukutua katika udhu, kwa madhehebu ya Imamu Shafi, ni sunna wala si faradhi, hivyo anayekatazwa kwa siku chache udhu wake ni sahihi. Na katika Ramadhani mgonjwa ana ruhusa ya kula na kulipa siku nyingine. Kujinyima chakula na mfupa haujashikana si ushujaa.

Hatuna budi pia kusema neno juu ya maradhi yenyewe, kwani si kila uvimbe wa taya ni mmoja. Saratani ya kinywa ya watu wazima mara nyingi huanza kama kidonda kisichopona katika ufizi, ulimi au chini ya ulimi, ndipo ikala mfupa. Tumbaku ya kuvuta na ya kutafuna, tambuu, na pombe ni miongoni mwa visababishi vyake vikubwa. Uko uvimbe mwingine uitwao ameloblastoma, utokao katika chembe zinazotengeneza meno, na katika Tanzania ndio unaoonekana zaidi miongoni mwa uvimbe wa asili hiyo. Kwa kawaida huo si saratani, lakini hula mfupa kimya kimya bila maumivu, na ukikwanguliwa tu huweza kurudi baada ya miaka. Kwa hiyo nao mara nyingi hukatwa pamoja na kipande cha taya, na wagonjwa wake, wengi wao vijana, huhitaji mafunzo haya haya.

Ama uvimbe wa taya la mtoto mdogo unaokua kwa wiki chache tu, huo una habari nyingine. Mwaka 1957 Dr. Denis Burkitt, mpasuaji wa Hospitali ya Mulago, Kampala, alionyeshwa mtoto aliyevimba mataya pande zote nne. Mwaka 1958 aliandika juu ya maradhi hayo, na mwaka 1961 yeye na wenziwe wawili walisafiri kwa motokaa kiasi cha kilomita 16,000 kutoka Uganda hata kusini ya Afrika, wakiuliza hospitali baada ya hospitali. Wakaona kuwa maradhi hayo ni ya nchi za chini zenye joto na mvua, na kwamba nyanda za juu zenye baridi huyaona kwa nadra. Bonde la Kyela, lililo chini ya milima ya Rungwe na kandokando ya ziwa, ni nchi ya namna hiyo ya kwanza. Uvimbe huo hutibiwa kwa dawa wala si kwa kisu, na dawa zikiwahi, taya la mtoto laweza kurudi umbo lake bila kukatwa. Mzazi asimzungushe mtoto kwa waganga hata mwezi ukaisha.

Hili latufikisha kwenye jambo la mwisho, nalo ni la fedha. Wengi wetu tukipata mgonjwa huuza mpunga au kokoa, tukahesabu nauli na gharama za kupasuliwa, tukaona tumekwisha. Mgonjwa wa taya ana safari nyingi. Akitoka Makwale hupitia hospitali ya wilaya ya Kyela, akapelekwa Mbeya katika Hospitali ya Rufaa ya Kanda, na pengine akafika Dar es Salaam: Muhimbili, penye wapasuaji wa mataya, na Taasisi ya Saratani ya Ocean Road, iliyoanzishwa kwa sheria mwaka 1996, kwa ajili ya mionzi na dawa. Baada ya hapo ziko safari za kurudi kutazamwa. Nyumba nyingi hukosea hapo: hutumia yote katika safari ya kwanza, na siku ya kurudi nauli haipo, kidevu kikaachwa kiende kombo. Shauri letu ni kwamba siku ya kwanza ya kuchangishana, jamaa wahesabu nauli ya safari tatu au nne, na sehemu hiyo awekewe mtu mwaminifu isiguswe. Hiyo nayo ni sadaka, na ukoo mzima waweza kushiriki.

Kwa vijana wa nyumba ile ya Makwale tuna ombi maalumu. Mmoja ashike kioo mama anapofanya mazoezi, na amhesabie. Mwingine aandike katika daftari, kila Ijumaa, vidole vingapi vimeingia, ili daktari aonyeshwe. Na yeyote asimcheke anapomwaga mchuzi au anapotamka neno vibaya, kwani Mwenyezi Mungu katika Suratul Hujurat ametukataza kudharauliana, na anayechekwa na wanawe huacha kula mbele za watu, kisha huacha kusema, na taya lisilokula wala kusema haliwezi kupona. Mwiteni harusini na msibani kama zamani. Mpeni nafasi ya kusimulia habari zake mpaka mwisho, hata zikichukua muda.

Twamwomba Mwenyezi Mungu amponye mama huyo na wagonjwa wote wa Kiislamu, awape subira wanaowauguza, na azibariki kazi za mikono ya matabibu. Amin. Wabillahi taufiq.